Mtu wa Saba Handakini

6 Machi 1988

Shikamoo Baba Mdogo,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na sijaumwa na nyoka, ingawa nyoka wapo. Barua imechelewa kwa sababu gari la posta hutoka Jumamosi tu, na Jumamosi mbili zilizopita lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, halina gurudumu. Mama hajambo? Mwambie dawa za presha ni za kumeza, si za kupanga dirishani. Na wewe, umepata mtu wa kukuvutia mivukuto? Nakujua. Mtu akishika koleo vibaya mara moja tu umeshamfukuza, halafu unalalamika kwamba siku hizi hakuna watu wa kazi.

Tunalala katika shule iliyofungwa. Mimi na wanawake wengine wawili tumepewa darasa la pili, na ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya. Kilima kiko nyuma ya vyoo, mwendo wa robo saa. Ukikiona hutakipa heshima yoyote: mawe, miiba, nyasi za kukata mikono. Lakini mwaka 1916 watu karibu mia nne walichinjana hapo, kuanzia alfajiri mpaka saa saba mchana, na sisi ndio tumetumwa kuuliza ilikuwaje.

Tunauliza hivi. Tunapita na mashine ya kunusa chuma, hatua kwa hatua. Ikilia, hatuchimbi. Tunachomeka kibendera kwanza, tunapima, tunaandika, ndipo tunainua. Ganda la risasi likishainuliwa bila kupimwa limekuwa bubu, halina tena la kukwambia. Rundo la maganda maana yake mtu alilala hapo akapiga. Rundo jingine hatua ishirini nyuma maana yake alirudi nyuma akapiga tena. Ukikosa rundo la tatu, Baba Mdogo, acha kutafuta maganda, tafuta mifupa.

Jumatano tulifungua handaki la juu. Wamo watu sita. Wa kwanza kombora limempasua kifua, mbavu zimeingia hadi kwenye uti wa mgongo. Wawili walichomwa singe, na ncha ya singe moja imekatikia ndani ya mfupa, bado ipo. Wa nne alipigwa usoni kwa sepetu ya kuchimbia, mara tatu. Bibi Mifupa, huyo mama anayetusomea mifupa, amezihesabu. Wa tano na wa sita wamekumbatiana, ukitazama haraka utadhani ndugu. Ukikaribia unaona kidole gumba cha mmoja kimo ndani ya tundu la jicho la mwenzake. Walikufa hivyo. Nilitoka nikatapika, nikasukutua, nikarudi kuendelea kuwapiga mswaki.

Profesa anayetuongoza anasema nina mkono mtulivu. Nimemwambia nimelelewa na mfua vyuma.

Jambo moja tu, na usinikasirikie. Nilipoona jina la kituo cha basi nilikumbuka Mama akisema Baba aliondokea njia hii. Mtu aliyetuacha nikiwa na miaka mitano simtafuti, na akitokea mbele yangu leo nitampita. Nauliza tu kama aliwahi kufika huku.

Mwanao,
Sindano

27 Machi 1988

Mwanangu Sindano,

Marahaba, marahaba sana. Huku tu wazima, na aliye mgonjwa hataki kuitwa mgonjwa. Dawa bado ziko dirishani. Nimemwambia maneno yako, akasema umesomeshwa ili umtawale yeye. Siku hizi macho yake ya karibu yameisha kabisa, hata sindano hutungiwa uzi na jirani, kwa hiyo barua zako namsomea mimi.

Fundi cherehani wa kona, yule mjane mwenye kukohoa, ametuma tena mtu kuulizia. Mara ya nne hii. Mama yako kamjibu yale yale: mimi ni mke wa mtu. Mtu mwenyewe yuko wapi? Hajui. Lakini ni mke wa mtu. Nilikuwa nafua bawaba, nikajifanya sisikii.

Wa kunivutia mivukuto nilimpata, alikaa siku tatu. Tuyaache hayo.

Hicho kilima chenu mimi sikijui. Nakwambia tu kama mtu wa chuma: kombora refu limeshachoka, lakini lile fupi lenye pua ya shaba msiliguse, msilisogeze, msilipigie hata kivuli. Na mvua ikianza, ukuta wa handaki upande wa mashariki hulegea, usikae chini yake.

Kwa nini ung'ang'anie wafu usiowajua? Shule ya sekondari hapa inatafuta mwalimu wa historia. Mwalimu mkuu nimemtengenezea lango, hawezi kuninyima neno. Njoo ufundishe hizo vita ukiwa umekaa kitini.

Swali lako la mwisho sina jibu lake. Baba yako alikwenda alikokwenda.

Baba yako mdogo

24 Aprili 1988

Shikamoo Baba Mdogo,

Mwambie Mama nimemnunulia kitambaa, na amwambie fundi cherehani akishone, labda watapata la kuzungumza. Natania. Usimwambie.

Huku kumechafuka. Wiki mbili zilizopita walikuja watu wa vyuma chakavu, kumi na mmoja, mchana kweupe, na magunia na sululu. Walianza kung'oa vibendera vyetu na kuchimba pale pale tulipovichomeka. Tumewafanyia kazi ya kutafuta, si wajinga wale. Mlinzi aliwazuia, wakampiga jiwe la sikio, damu ikamjaa shingoni. Mmoja akanijia mimi akiwa ameshika sululu. Nilikuwa na sepetu. Nilimpiga bapa la uso na meno nikayasikia, Baba Mdogo, yalivunjika kama sahani. Sijutii. Wezi wale ni fisi, wanakula makaburi.

Walikimbia, na mmoja hakuachia alichobeba. Kilikuwa kifupi, kina pua ya shaba. Alijikwaa kwenye mfereji chini ya choo. Tuliposogea alikuwa amekaa, amepakata mkono wake mwenyewe mapajani, anaugeuzageuza. Alifia garini. Ulijuaje habari za pua ya shaba?

Sasa ya furaha. Tumempata mtu wa saba, mwisho wa handaki, chini ya ukuta wa mashariki ulioanguka. Huyu si kama wenzake. Hana kifungo, hana buti, hana risasi hata moja. Mkono wa kulia haupo. Kando yake kuna kombora lililopasuka, na kwenye kile kipande kikubwa, pale panapofungwa mkanda wa shaba, kuna alama za msumeno. Kipande cha msumeno tumekiokota, na tindo pia. Unaelewa? Alikuwa mfua vyuma, ndugu yako wa kazi. Katika vita vile askari walifua vikombe na bangili kutokana na maganda ya makombora, hilo linajulikana, lakini fundi mwenyewe hajawahi kuonekana akiwa na zana zake. Profesa alikaa chini akashika kichwa. Mifupa yake ni migumu kuliko ya wale sita, nami nilisema, Profesa akasema ni udongo wa upande ule. Amenipa niandike mimi taarifa yake, kwa jina langu. Mimi, binti wa karakana. Gazeti limeshakuja kunipiga picha.

Ana mwanya meno ya mbele. Bibi Mifupa akasema, "Tazama, mmegawana." Wote wakacheka.

Lakini mlipuko haukummaliza. Kisogoni ana tundu moja la mviringo, safi, la kitu kizito chenye uso mdogo. Mtu alimkuta hai, hana mkono, hana nguvu, akampiga kwa nyuma. Nimeona mengi mwaka huu na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Aliyefanya vile hakuwa binadamu, alikuwa mnyama.

Tarehe 20 Julai watazikwa wote saba kwa heshima za kijeshi. Yeye ataandikiwa jiwe lake: Mfua Vyuma Asiyejulikana. Ningependa uje, maana nani mwingine wa kazi yake atasimama hapo?

Mwanao,
Sindano

29 Mei 1988

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na kazi ya madirisha ya zahanati, kisha jicho liliingia cheche, kisha karatasi ziliisha. Sababu zote hizo ni za kweli na hakuna hata moja iliyonizuia kuandika.

Mama yako alianguka akiteka maji kisimani, presha. Sasa amesimama. Alipokuwa kitandani alimtaja baba yako siku mbili mfululizo, na si kwa wema. Alisema anamwombea afe peke yake huko aliko na yule mwanamke aliyemchukua. Hajawahi kumwona mwanamke yeyote. Amemuumba mwenyewe miaka hii yote, sasa anamjua hadi rangi ya kanga zake. Nilimwambia nyamaza, utapandisha presha. Akaniambia wewe ni ndugu yake, lazima umtetee.

Nilifurahi kwa picha yako gazetini. Nimeibandika karakana.

Lakini nisikilize kama mzazi. Huyo fundi wenu mwondoe katika taarifa. Chuma ninakijua. Kipande cha msumeno kikikaa ardhini miaka sabini na miwili hakibaki na meno. Msumeno wenu una meno, umeandika mwenyewe kwamba ni msumeno, hukuandika ni kutu. Watakucheka baadaye, na kicheko cha wasomi hakina dawa. Sema ni mpita njia, sema hujui. Mzikeni kimya bila jiwe. Mtu aliyelazwa kifudifudi hahitaji tarumbeta.

Na yule aliyempiga usimwite mnyama. Hukuwepo.

Baba yako mdogo

11 Juni 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama nampa pole.

Sikukuandikia kwamba alilala kifudifudi. Nimetafuta nakala ya barua yangu, maana naandika kwa karatasi ya kaboni kama ulivyonifundisha kuandika risiti, na neno hilo halimo. Gazetini halimo. Wanaolijua ni mimi, Profesa, Bibi Mifupa na mpiga picha wetu.

Sikukuandikia pia, mwezi wa tatu, kwamba handaki lina ukuta wa mashariki. Ulinionya kabla sijaufikia.

Nimekwenda stoo nikafungua sanduku namba saba. Nimeutazama msumeno, na ni kweli, meno yapo, na karibu na tundu la skrubu kuna rangi ya bluu. Msumeno wako wa pili karakanani, ule usioutumia wala hutaki mtu autumie, ni wa bluu. Nimetazama mwanya. Mama hana mwanya. Wewe huna. Nilikwenda bafuni nikajitazama kwenye kioo cha bati, nikarudi, nikamtazama tena.

Sitaki habari za madirisha ya zahanati. Sanduku linafungwa tarehe 20 Julai na mizinga itapigwa, na baada ya hapo atakuwa askari wa watu wengine mpaka mwisho wa dunia. Nijibu kabla ya hapo. Ni nani?

Sindano

30 Juni 1988

Mwanangu,

Ni baba yako.

Nimekaa na hilo neno mezani siku tatu kabla ya kuandika la pili yake. Mama yako yuko uani anachambua mchele, hajambo, anaimba.

Ilikuwa Agosti 1966. Kaka alikuwa na miaka thelathini, mimi ishirini na minne. Tulikuwa tunafuata mikanda ya shaba ya makombora, sisi ndio hao fisi wako. Ilikuwa marufuku, wawili wa mtaa wetu walikuwa ndani kwa kosa hilo. Kwa hiyo tulifanyia kazi humo humo handakini, tusionekane. Unaliweka kombora kati ya mawe mawili, mmoja anakata mkanda kwa msumeno, mwingine anamimina maji ili chuma kisipate moto, halafu unabandua kwa tindo. Tulifungua thelathini na moja. Mifupa tuliikuta, ndiyo. Tuliisukuma pembeni tukakaa.

La thelathini na mbili lilikuwa fupi. Kaka akasema hili tuliache. Nikamwambia umekuwa mwanamke, na maneno mengine ambayo sitayaandika, kuhusu yeye na Mama yako, kwamba anatawaliwa. Nikashika msumeno. Alinitazama nikikata, akanivuta bega akanitupa kando. Akasema, "Toka, utatuua. Leta maji." Aliichukua kazi niliyoianza mimi. Nilikwenda kuleta maji, hatua kumi, nyuma ya jiwe. Ndiyo maana ninaishi.

Sikusikia mlio. Niliona tu debe langu limejaa matundu na maji yanatoka kila upande. Nilirudi. Mkono wa kulia haukuwepo. Tumbo lilikuwa wazi kutoka mbavuni hadi kwenye nyonga. Macho yalikuwa yake, ananijua. Nilimwinua nimbebe, matumbo yakatoka. Niliyarudisha ndani kwa mikono hii, na mchanga ndani yake, yakatoka tena. Barabara ilikuwa mwendo wa siku nzima. Nilimwambia nitakubeba. Akasema, "Maliza." Nikasema nitakubeba. Akasema, "Maliza." Alilisema mara tatu, na hilo ndilo neno pekee lililotoka kinywani mwake tangu mlipuko hadi mwisho. Nakuandikia hivyo usije ukatafuta mengine.

Nilimgeuza kifudifudi kwa sababu alikuwa ananitazama. Nilipiga nyundo mara moja. Mimi ni mfua vyuma, sihitaji mara mbili.

Nilimwangushia ukuta. Nikakusanya zana, zilizobaki humo sikuziona. Shati lake alikuwa amelivua kwa joto, nikarudi nalo. Nikamwambia Mama yako amekwenda mbele kutafuta kazi, shati ameacha, ataandika. Na kweli aliandika. Zile barua mbili zilizo kwenye kopo la biskuti, ambazo wewe ulijifunzia kusoma, niliziandika mimi nikaenda kuzitia posta mji mwingine. Baada ya ya pili sikuweza tena. Basi Mama yako akahesabu kwamba ameachwa, na mtaa mzima ukahesabu naye.

Jela niliiogopa. Lakini jela ina mwisho. Nilichoogopa zaidi ni Mama yako kuniuliza lile tundu limetoka wapi. Kila mwaka nilisema mwakani. Fundi cherehani alipokuja mara ya kwanza nilikuwa na neno mdomoni, ningelitoa Mama yako angekuwa mjane, angeolewa, angecheka. Nilinyamaza nikafua bawaba.

Sasa unajua. Fanya unalotaka nami. Kaka usimwache azikwe kwa tarumbeta za watu.

Sina jina la kutia hapa.

10 Julai 1988

Baba Mdogo,

Salamu zako zimefika. Mimi mzima wa mwili.

Niliisoma barua yako darasani, nimesimama, mgongo ukutani. Halafu nilikwenda kilimani, nikachukua sululu, nikapiga ule ukuta wa mashariki mpaka mikono ikatoka malengelenge na mlinzi akanishika kiunoni akanivuta. Ningekuwa na wewe pale ningekupiga wewe. Nakwambia ili ujue.

Miaka ishirini na miwili nimemchukia mtu aliyekufa kwa kukutupa wewe kando. Nilimkana shuleni. Nilipoulizwa baba yako ni nani nilisema ni wewe, na wewe ulikuwa umesimama hapo mlangoni, ukacheka, ukanishika kichwa. Kwa mkono upi?

Nimemwambia Profesa. Alirusha trei ya maganda ukutani, kazi ya siku nne, yote yakachanganyika. Makala ameshaituma. Akaniambia ama niseme nimekosea kuhusu hiyo barua, ama nifungashe. Nimefungasha, nimepanga chumba karibu na kituo cha basi, na barua hii inakuja kwa basi. Bibi Mifupa ndiye aliyewapigia simu polisi na wakuu wa makaburi, ili jambo liandikwe rasmi. Wamechukua maelezo yangu. Nimesema ni mlipuko, mwizi wa vyuma, baba yangu. Habari ya tundu sikuitoa. Bibi Mifupa, aliyelipima mwenyewe, akafunga daftari. Na mimi sasa nina la kuficha, nimekuwa wa ukoo huu kwelikweli.

Wamesema hivi: namba saba anaweza kutolewa kwa familia, lakini binti hatoshi. Mke aje mwenyewe atie sahihi au dole gumba, kabla ya saa sita mchana wa tarehe 20. Asipofika, sanduku linaingia kaburini na yale sita, na kaburi la jeshi halifukuliwi.

Sitamwandikia Mama. Barua zangu unamsomea wewe, na mimi sikuamini tena kunisomea. Mwambie kwa kinywa chako, ukiwa umemtazama. Mwambie yote, na nyundo pia. Ukimwambia nusu nitajua, na nitakuja.

Sindano

17 Julai 1988

Mwanangu Sindano,

Nivumilie kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto na karatasi inanikimbia.

Nilimwambia juzi saa nne asubuhi, karakanani. Nilizima moto kwanza. Nikamkalisha kwenye kile kiti cha wateja, nikabaki nimesimama, nikaanza na debe la maji. Nilipofika penye "Maliza" aliinua mkono ninyamaze, kisha akaushusha, nikaendelea. Nilimwambia nyundo. Nilimwambia kifudifudi. Nilimwambia barua mbili za kopo la biskuti. Hapo ndipo aliposimama.

Alichukua nondo iliyokuwa imeegemea pipa, fupi, ya milimita kumi na mbili. Pigo la kwanza lilitua kwenye bega. La pili niliinua mkono, na mkono ukavunjika juu ya kiganja, mfupa ukatokeza. Baada ya hapo sikuinua kitu. Alinipiga mbavuni, magotini, mgongoni nilipoanguka, na hakupiga kelele wala kulia, alikuwa anahesabu. Nilimsikia. Alikuwa anahesabu miaka. Sitini na sita, sitini na saba, sitini na nane. Alifika sabini na tatu majirani wakaingia. Fundi cherehani ndiye aliyemnyang'anya nondo, akapata lake la kidole. Waliniuliza tumwite nani, polisi au daktari. Nikasema daktari. Polisi nitakwenda mwenyewe, Jumatano, nitakapoweza kutembea, nami nitasema la nyundo, usilibebe wewe tena.

Jana jioni alikuja kitandani kwangu. Ameoga, amefunga mizigo. Alikaa ukingoni, nikadhani amekuja kumalizia. Akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Aliuliza, "Alinitaja?"

Nikasema ndiyo. Nikasema alikutaja kwa jina, akasema nikuangalie wewe na mtoto.

Alilia, Sindano, mpaka akaegemeza kichwa kwenye godoro langu. Kisha akafuta uso, akaniambia nimwandikie barua mtoto wake, aje nayo.

Barua yangu ya mwezi uliopita unayo, na unajua alisema nini. Hii nimeifunga kwa gundi. Anapanda basi nayo Jumanne asubuhi, atakufikia mchana wa siku ile ile, sahihi ataitia kwa wakati. Ameiweka kifuani. Akishashuka tu atakupa, na kwa kuwa haoni, atakuomba umsomee yote kwa sauti.